Neno Nililoandika: Kikauke

Huku Masisi ukikutana na mtu aliyekuwa na kidonda, unamuuliza, "Imekauka?" Akiitika, unajua amepona. Kwetu kukauka ndiko kupona. Neno hilo niliwahi kuliandika bila kulitazama mara ya pili, nalo likamuumiza mama mmoja wa Walikale kwa miezi mitatu.

Mimi ni muuguzi wa diploma ya sekondari tu. Magoti yaliponikatalia kupanda vilima, daktari wetu aliniomba niandike ukurasa mmoja kila mwezi juu ya ngozi na vidonda, ili wauguzi wa vituo vya mbali waendelee kujifunza. Tuliuita fishi. Pikipiki ziliupeleka hadi Walikale, kule msituni. Nilijivuna, sifichi. Katika fishi ya kwanza niliandika: "Kazi yetu ni moja: kidonda kikauke."

Baadaye niliitwa Walikale kuzungumza na wauguzi. Mmoja wao, dada mwenye sauti ya chini, aliniomba nimwone kwanza mgonjwa wake. Ndiye huyo mama. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, mguu ameunyoosha, kidonda juu ya kifundo.

"Njo huyu Papa wa makaratasi?" mama akacheka. Kwetu "njo" ni "ndiye", na Papa ni baba. "Mguu yangu inasoma makaratasi yako miezi tatu. Haijapita mtihani hata moja."

Dada akaanza kubandua kompresi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda. Ilikuwa imegandamana na nyama. Mama akauma ncha ya kitenge chake. Kompresi ilipong'oka, ilitoka na ule utando wa ngozi mpya, na damu ikafuata. Dada akachukua unga wa dawa ili aunyunyize.

"Ngoja," nikasema. "Mbona unakikausha hivyo?"

"Papa, wewe njo uliandika."

Akanionyesha ukutani. Fishi yangu ilikuwa pale, ndani ya mfuko wa plastiki isipate unyevu. Chini ya neno *kikauke* alikuwa amepiga mistari miwili kwa rula.

Hapo nilifanya kosa la pili, ambalo hunisumbua kuliko la kwanza. Nilimwambia mbele ya mgonjwa wake, "Hukuelewa."

Dada aliinamisha kichwa. Mama ndiye aliyejibu. "Papa, usimugombeze mutoto wangu. Anatembea masaa mbili kuja hapa kunifunga kidonda. Kama barua iko mubaya, mwenye kuandika njo anaulizwa."

Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikausha vidonda miaka mingi, kwa unga na kwa jua, kabla sijafundishwa kwamba ngozi changa hutambaa vizuri palipo na unyevu kidogo. Nilikuwa nalijua hilo nilipoandika. Mkono wangu ulifuata tu mazoea ya mdomo.

"Dada, unisamehe," nikasema. "Ulielewa sawasawa. Mimi njo niliandika mubaya."

Tulichemsha maji, tukayatia chumvi kidogo, tukayaacha yapoe. Tulisafisha kidonda polepole, tukaweka kompresi ya vaselini, tukafunga. Nilimshikia mama mguu, dada akifanya kazi. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu ilivyopata kuwa.

Fishi iliyofuata ilianza na neno "Nilikosea." Nikaeleza: kidonda kipone, lakini kisikauke, na kompresi ikishika, iloweshwe, isivutwe. Sijui ni kuta ngapi bado zina ile ya kwanza. Hilo huniamsha na mawazo asubuhi.

Lakini wiki zilipopita, dereva mmoja wa pikipiki aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Dada alikuwa ameandika: "Papa, leo kompresi imetoka peke yake. Mama hakuuma kitenge. Anasema mguu imepata hamsini juu ya mia, imepita, lakini ikisikia umeisifu sana, itaanza uvivu."

Karatasi hiyo nimeiweka ndani ya mfuko wa plastiki.