Kilio Nilichokituma Ndosho

Mwaka ule wa Ebola, mdogo wangu wa kike alipata kazi ya kuwapima watu joto kwenye njia panda ya Ndosho, karibu na kwetu. Alisimama kando ya ndoo ya maji ya klorini, akiwaelekezea wapita njia kwenye paji la uso kipimajoto chenye umbo la bastola. Nilimtania kwamba sasa nyumbani tuna mwanajeshi.

Kwetu habari ya msiba hailazwi. Anayechelewa kuipeleka husemwa kwamba kifo kimemfurahisha. Ndiyo maana, asubuhi moja, audio ya mama mmoja anayelia ilipoingia kwenye WhatsApp, niliisikiliza sekunde chache tu, nikaituma kwa majirani wote, kisha nikarudi kutwanga sombe, majani ya muhogo ya mchana. Sikufika pale aliposema kwamba mtoto wake ameuawa na kile kipimo, palepale njia panda.

Sombe haijaiva, nikasikia makelele. Nilikimbia. Watu walikuwa wameipindua ndoo, wanampiga mdogo wangu kwa yale mawe meusi ya volkano ambayo hapa huyatafuti, unainama tu. Jino lake lilikuwa mchangani. Mkono ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Seremala jirani yetu, aliyekuja kuniomba chumvi juzi yake, alikuwa ameinua jiwe jingine. Nilimrukia, nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu. Nilitaka afe, sifichi.

Akanisukuma, akatoa simu. "Mama, unanipiga juu ya nini? Si ni weye njo ulinitumia?"

Akabonyeza. Kilikuwa kilio kilekile, na juu yake jina langu. Nilimpiga tena, kisha nikamfunika mdogo wangu kwa mwili wangu.

Mkono wa mdogo wangu uliunga. Akili haikuunga. Mlango ukigongwa anaingia chini ya kitanda, na siku mama yetu alipomgusa uso kumpima homa, alimpiga ngumi ya mdomo. Tulimpeleka kwa muuguzi wa magonjwa ya akili. Akamuuliza kama yupo mtu hata mmoja ambaye hamwogopi. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni.

"Ni yaya tu," akasema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, akanishika mkono. "Ni yeye njo alinipigania."

Muuguzi akanitazama. Nilikubali kwa kichwa, mwoga mimi, na mpaka leo sijamwambia mdogo wangu kuhusu ile audio.