Ngoma Iliyolegea

Likizo hii, nikipita Ipuli, harufu ya ngozi ya ngoma ikipashwa moto ilinisimamisha.

Nilikumbuka utoto wangu: katika mashindano ya baada ya mavuno, vikundi viwili vilikuwa vikipiga kwa wakati mmoja. Kilichovuta watu wengi zaidi ndicho kilichokuwa kikishinda. Siku moja kulikuwa na mawingu na unyevu, ngozi ya ngoma ya baba ikalegea, na watazamaji, mama akiwemo, wakahamia kwa wapinzani.

“Shemeji, umebakiwa na kuku tu!” mjomba akamcheka.

Baba akaipasha ngoma kwenye moto wa nyasi, bila kuinua macho. Ndipo mama akarejea, akajifunga kanga kiunoni.

“Piga,” alisema. “Kwani mimi si mtu?”

Ninafundisha muziki, na bado najiuliza kilichomrudisha, maana ngoma ilikuwa haijalia.

Baba akapiga mpaka jua likazama. Hakuja mwingine.