Sauti Iliyojiita Baba Mdogo

Miaka ile watu wenye asili ya Kasai walipokuwa wanafukuzwa Likasi, mji wetu, mama alitukataza kutamka jina la baba nje ya nyumba. Baba alizaliwa hapahapa na kufanya kazi kiwandani tangu ujana, lakini jina lake la Kikasai peke yake lilitosha kumponza. Mama, ambaye kwao ni Kambove, mji wa jirani, alimficha mtaa wa Kikula kwa mama mmoja tuliyesali naye. Sisi watoto tukaambiwa tuseme amesafiri.

Habari za mbali tulizipata kwa foni, redio ya mawasiliano iliyowekwa kwenye kibanda karibu na soko. Ukiongea, kila mwenye mashine kwenye mawimbi yale alikusikia. Kwa hiyo watu walijipa majina ya pili. Wachuuzi walifanya hivyo ili wenzao wasijue samaki wao wamefika wapi. Mwanaume mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na majina mawili, na mchumba kwa kila jina. Sisi tulifanya kwa woga. Baba mdogo, aliyekuwa Kasai, alituita kwa jina la ua, nasi tulimwita kwa jina la ndege.

Asubuhi moja tukaambiwa ndege wetu anatutafuta. Nilimsindikiza mama. Sauti ilikuwa na mikwaruzo kama siku zote, na ilitaja majina yote mawili sawasawa. Ilituuliza hali, kisha ikataka kujua baba analala wapi siku hizi, maana kuna rafiki atakayemtoa mjini. Nilifurahi, nikatamani mama ajibu upesi. Yeye alivuta kiti, akakaa karibu na mashine.

Kisha akauliza kwa upole, "Na mama mukwe, mguu yake inaendelea aje?"

"Inapona," sauti ikajibu. "Anawasalimia sana."

Bibi, huyo mama mkwe wake, alikuwa amekufa huko Kasai kabla ya mvua kuanza. Msafiri mmoja ndiye aliyetuletea habari kwa mdomo, tukakaa matanga milango imefungwa, bila kulia kwa sauti. Pale kibandani nikawaangalia watu waliosubiri zamu, nikamwogopa kila mmoja.

Uso wa mama haukubadilika. "Mumusalimie naye," alisema. "Bwana yangu alishaenda na treni."

Njiani alinibana mkono mpaka ukauma. Hatukuthubutu kupita kule baba alikojificha. Tulifika nyumbani, akasonga bukari, ugali wetu, kama siku yoyote. Mchana vijana waliokuwa wakifukuza watu walikuja, wakapekua vyumba, wakapindua kitanda. Mmoja aliinama akaniuliza baba yuko wapi. Nilisema amepanda treni, na mkojo ukanitoka. Akacheka. Waliondoka na viatu vya baba na koti lake la Jumapili.

Kabla ya wiki kuisha, baba alitoka Kikula katikati ya kwaya iliyokwenda kuimba Kambove, amevaa joho kama wengine, akiimba kwa sauti kuliko wote. Alikaa huko kwa ndugu za mama mpaka vurugu zikatulia. Aliporudi alikuwa na mvi, na mtu akiita kwa nguvu barabarani alishtuka.

Nani aliwapa vijana wale majina yetu ya foni, hatukujua kamwe. Mama alimshuku mwenye foni, kisha jirani, kisha hata mtu wa kanisani. Aliendelea kuwasalimia wote, lakini hakula tena chakula cha yeyote kati yao.