Mkono Chini ya Kanga

Waliompa Jovina jina la Sista Tarehe hawakumsingizia. Chumba cha uangalizi maalumu alichofanyia kazi kisiwani Mafia kilikuwa na vitanda viwili tu, na humo hakuna kanula iliyokaa kwenye mshipa wa mtu bila yeye kuandika juu ya plasta tarehe, saa na jina la aliyeichoma. Kila zamu alifunua, akatazama, akapapasa kwa kidole. Pana wekundu? Pamevimba? Pana moto? Kabla ya kupitisha dawa alisugua mdomo wa kanula kwa spiriti huku akihesabu polepole, na wenzake wakichoka kumsubiri aliwaambia wakapumzike. Kijibomba kile ni tundu lililotobolewa kwenye mwili wa mtu, alisema, na uchafu ukipita hapo unakwenda moja kwa moja kwenye damu.

Nje ya kazi hakuwa na wa kumkagua wala wa kukaguliwa naye. Alirudi kwenye chumba chake cha kupanga Kilindoni, akapika ndizi za mtu mmoja, akala amesimama karibu na jiko. Watu wa pale hawakuwa wabaya, la hasha. Walimsalimu njia nzima, ila salamu zikiisha kila mtu aliingia kwake. Ilikuwa miaka sita tangu ahamishwe kutoka Muleba, huko bara, na katika miaka hiyo mama yake alifariki akazikwa, yeye akiwa bado anahangaikia usafiri wa kuvuka. Tangu siku hiyo upweke ulimkaa kifuani, na hakumwambia mtu.

Ndipo akaletwa Bi Somoe, msusi wa mikeka kutoka Bweni, karibu na Ras Mkumbi. Homa ya mapafu ilikuwa imemshika vibaya, hata bintiye Mize alikwisha kuita ndugu. Siku ya tatu pumzi ilimrudi, na vidole vyake vyenye hina vikaanza kushika upindo wa shuka, vikiukunja na kuukunjua.

"Unatafuta nini, bi mkubwa?" Jovina alimuuliza.

"Nasuka ukili wa mkeka, mwanangu. Mikono yangu haijui kama mie naumwa."

Jovina alicheka. Kuanzia hapo zamu zake zilikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Siku moja, akipima joto, neno likamtoka bila kulipima: "Ukitolewa sindano hii, bi mkubwa, wanakuhamishia wodi kubwa ng'ambo ya ua. Mimi nabaki kuongea na vitanda." Alisema kama utani. Bi Somoe hakucheka.

Ijumaa mchana Jovina alimkuta amejifunika kanga mpaka kwenye vidole vya mkono wa kushoto, ule wenye kanula.

"Hapa penye sindano panauma?"

"Alhamdulillahi, mwanangu."

Jibu hilo Jovina alilijua vizuri. Pale kisiwani mtu hutanguliza shukrani hata kama mguu umevunjika, na ukiridhika na hiyo shukrani hutaujua ugonjwa wake. Ndiyo maana siku zote aliuliza, kisha akafunua. Lakini siku hiyo Bi Somoe alikuwa katikati ya kisa cha mkeka aliousuka kwa harusi ya Mize, ambao bwana harusi aliukalia rangi ikiwa mbichi, na Jovina alikuwa akicheka kama hajacheka mwaka mzima. Aliandika "safi" kwenye karatasi. Kanga hakuigusa.

Jumamosi alikuwa mapumziko. Mwenzake aliuliza, akapewa alhamdulillahi ileile, akaliona lile "safi" la Jovina. Nani angemkagua Sista Tarehe?

Jumapili asubuhi Jovina aliingia, akasimama mlangoni. Mkono wa kulia ulikuwa ukisuka shuka peke yake. Wa kushoto ulilala chini ya kanga, kimya. Aliifunua. Mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, mshipa umekakamaa kama kamba, na pembeni ya plasta palikuwa na usaha. Paji la uso liliwaka moto.

Aliita daktari, akachomoa kanula, akasafisha, akatafuta mshipa mkono wa pili. Damu ikachukuliwa ipimwe, dawa zikabadilishwa. Mikono yake ilifanya yote hayo bila kukosea, na muda wote aliogopa.

"Tangu lini, bi mkubwa?"

"Tangu juzi."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza, kweli. Nikaona nikisema panauma utaitoa, na ikitoka wanihamisha." Bi Somoe alivuta pumzi. "Wewe humu ungebaki na nani?"

Jovina alijichukia kwa lile neno la utani, na kwa lile "safi". Kwa siku mbili homa ilipanda na kushuka, naye aliomba akae zamu za ziada. Mize alipomuuliza mama yake kapatwa na nini, hakumficha. Alisema: "Ijumaa nilipaswa kufunua, sikufunua." Mize alimtazama sana, kisha akaendelea kumfuta mama yake jasho.

Siku ya tatu homa ilikatika. Ya tano daktari akasema kanula haihitajiki tena, itolewe, mgonjwa ahamie wodi kubwa. Jovina aliitoa mwenyewe, akabana pamba, kisha akamsukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu kuvuka ua. Katikati ya ua alisimama akapapasa ule mkono wa kushoto.

"Panauma?"

"Panauma kidogo, hapa," alisema Bi Somoe, akamwonyesha kwa kidole. Halafu akamtazama. "Na wewe, mwanangu, hujambo?"

Sijambo ilikuwa tayari mdomoni. Jovina aliimeza.

"Panauma, mama," alisema.

Bi Somoe alimshika kiganja. "Basi nawe usifunike. Saa ya kuona wagonjwa uje, kama watu wengine wajavyo."

Alipomaliza kumkabidhi, alirudi kwenye chumba cha uangalizi. Vitanda vyote viwili vilikuwa vitupu. Alitandika shuka safi, akafuta stendi ya dripu, kisha akakaa kwenye kiti akalia, na mlango hakuufunga.