Fundi Asiyefuta Barua za Watu

Mukunde hushona nguo akitazamana na meza ya fundi wa kompyuta hapo mtaani Remera, na tabia za jirani yake huyo anazijua kama anavyoijua mishono yake. Ikiletwa kompyuta iliyojaa, fundi hupangusa kioo kwa ncha ya shati, huingia kwenye programu ya barua pepe, kisha huguna. Mara nyingi nafasi imeliwa na profaili ya zamani, yaani akaunti yenye barua za miaka mingi ambayo hakuna anayeifungua tena. Lakini hafuti. Huigeuza kompyuta imwelekee mteja, husema, "Barua ni zako, bonyeza wewe," halafu hutazama barabarani mpaka asikie kitufe. Wapo wanaomsihi awafutie. Yeye hutazama barabara tu.

Jana kompyuta iliyojaa ilikuwa ya fundi mwenyewe. Alimwita Mukunde kwa sauti ya chini. "Dada, iko folda moja hapa. Njoo unibonyezee." Mukunde akaja na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Folda ilikuwa na jina la mwanamke ambaye Mukunde hakuwahi kumsikia fundi akimtaja. Aliigeuza kompyuta imwelekee fundi, akasema, "Barua ni zako," akatazama barabarani. Mabasi yalipita, abiria wakashuka, na kitufe hakikulia. Kilicholia ni droo. Fundi alikuwa akitafuta diski ya nje ya kuhamishia barua, moja ya zile anazowauzia wateja wanaoshindwa kubonyeza.