Mshonaji Aliyerudi Kazini

Mshonaji wa duka letu la sare za shule, hapa Embu mjini, hakati uzi kwa makasi; anauuma kwa meno. Vidole vyake vimejaa alama za sindano, na sauti yake huwa ya chini hata akikasirika. Aliporudi kutoka likizo ya uzazi ya miezi mitatu, mtoto mgongoni, alikuta mtu mwingine kwenye cherehani yake. Bwana Munene, mwenye duka, akamsukumia karatasi. "Nafasi yako imejazwa, mama. Weka sahihi hapa kwamba umeacha kazi." Aliisoma polepole, kidole kikifuata kila mstari, kisha akairudisha. "Nilienda kuzaa, boss. Sikuacha kazi. Sheria inasema nikimaliza likizo narudi kwa kazi yangu. Kama ni uongo, twende sote ofisi ya leba, kwa wale wa serikali wa mambo ya wafanyakazi, tuulize." Akaketi kwenye benchi, akamnyonyesha mtoto, akangoja.

Saa sita mchana Munene aliichana ile karatasi, akamhamishia yule mgeni upande wa kukata vitambaa. Kananu, mpiga pasi wetu, ana mimba ya miezi sita na alisikia yote. Siku hiyo hiyo aliacha kulificha tumbo chini ya sweta.