Mbegu Alizozifukia Kunigunda

Kunigunda wa Mkumbi ana ulimi wa upupu, na hakuna aliyewahi kumsikia akiomba radhi. Mwaka huu ngedere walimmalizia mahindi, akaapa kuzungushia shamba ua wa pilipili kichaa. Mkwewe Lidia, mke wa mwanawe Vitalis, mzaliwa wa Lituhi kule ziwani, akamletea mbegu za porini kutoka kwao.

Kunigunda akazipanda Kimatengo. Alichimba ngolo, yale mashimo ya mteremkoni yenye kingo zilizofukia majani, akazididimiza mbegu kwenye kingo kama maharage, akazishindilia udongo. Ilikuwa Juni, na baridi ya Mkumbi haina huruma. Akangoja weee. Hakikuchomoza kitu.

"Mama," Lidia alisema kwa upole, "hizi hazifukiwi. Kwetu ndege huziangusha juu ya mchanga, jua likazipiga, zikaota. Zinataka mwanga na joto."

"Unanifundisha kulima? Mimi Mmatengo? Ninyi mnaojua kuanika dagaa wenu wa usipa tu?"

Hakuishia hapo. Jumuiya ilipokutana kusali, Kunigunda alisimama akatangaza kwamba Lidia amezichemsha mbegu makusudi ili wafe njaa. Uongo mtupu! Alimwonea mtoto wa watu, basi. Asubuhi Lidia alipanda basi kwenda kwao, na Vitalis akaacha kula kwa mama yake.

Mwingine angenywea. Kunigunda akazidi kuvimba. Zilibaki mbegu chache, akaamua kuzipanda vilevile alivyosema Lidia, ili zife na jumuiya nzima izione zimekufa. Akatwaa sufuria kuukuu, akatia udongo, akazitawanya juu bila kuzifunika. Mchana aliianika juani, jioni akaisogeza karibu na mafiga. Kila alipozinyunyizia maji alisonya.

Zikaota. Zikaota, jamani, kijani kimejaa sufuria! Kunigunda aliwaka hasira, na safari hii hakuwa na wa kumtukana. Angeweza kuzing'oa akazitupa motoni, nani angejua? Mkono ulifika kwenye miche, ukarudi. Mke wa mwanawe alikuwa amefukuzwa kwa sababu ya kiburi cha jembe.

Akapanda basi, akaibeba sufuria mapajani hadi Lituhi, joto la ziwani likimchoma. Abiria walimuuliza anapeleka nini, akawakata jicho.

Alimkuta Lidia uani kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zimeota, tazama. Haya, rudi nyumbani."

Lidia aliitazama miche, hakuigusa.

"Nilijua zitaota. Lakini ulinivunjia heshima Mkumbi, mama, mbele ya jumuiya yote. Mbona ukweli unakuja kuniambia huku, tukiwa wawili?"

Kunigunda akafura. Alitafuta neno la kumrushia binti yule, neno kali la kumnyamazisha, na yote yaliyomjia hayakuwa na haki hata chembe. Akasimama, akaikumbatia sufuria yake.

"Basi la kurudi linaondoka saa ngapi? Nataka kuikuta jumuiya ikisali," akauliza, kwa ukali uleule.